Aliyekaa Upande wa Pili wa Meza

4 Februari

Dada yangu Kushoto,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna msiba. Najua tangu tumzike Baba yako, miaka sita sasa, barua zangu zimekuwa adimu kiasi kwamba ukiona bahasha lazima udhani kuna mtu amekufa. Aliyekufa safari hii ni chumba cha kukatia.

Chuo kimekifunga. Miaka ishirini na sita nimefundisha ushonaji ndani ya chumba kile, nimepanga vidole vya watoto wa watu kwenye mkasi, kimoja kimoja. Leo mkuu wa chuo, mtu asiyejua pindo wala mshono, anatuita kikaoni na kutuambia zile meza ndefu sita zinauzwa, na kuanzia mwezi ujao tutafundisha kwa simu. Kwa simu, Dada! Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, mheshimiwa, kitambaa kinapimwa kwa vidole au kwa macho? Akasema, "Mwalimu, dunia inakwenda." Nikamwambia tumbo la kuendesha nalo linakwenda, lakini hatulisifu. Kikao kikaishia hapo.

Basi nimeshindwa, kwa sababu siku hizi mwenye hoja hushindwa na mwenye muhuri. Wametuletea fomu. Kila mwalimu ajitambulishe kwa wanafunzi wake kwa maandishi, halafu aisome mbele ya kamera mwanzo wa somo la kwanza. Kichwa cha fomu: "Jitambulishe kama mwalimu na kama mwanafunzi." Maswali ni matatu. Wewe ni nani? Nani alikufundisha? Unajifunza nini sasa? Nilitaka kuichana. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mvi mpaka puani, aulizwe anajifunza nini!

Halafu lile swali la pili likanikalisha chini. Likanirudisha nyumbani kwenu.

Unakumbuka jinsi mvuke wa pasi ya mkaa ulivyonuka ukipita juu ya sufu yenye unyevu? Mimi kila nikinusa mbwa aliyenyeshewa nakumbuka ujana wangu, na siyo utani. Nakumbuka makopo ya vipande kwenye rafu, kila rangi na kopo lake, na Mzee, baba yako, akijua kama mtu amegusa kopo la buluu. Nakumbuka chaki nyuma ya sikio lake. Siku ya kwanza, nina miaka kumi na sita, nimeongea tangu mlangoni mpaka kwenye kiti, nawe ukasema bila kuinua macho, "Huyu ni bobini, anazunguka na uzi hauishi." Jina likaganda. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, aliniita hivyo.

Nimeandika hivi: "Mimi ni mwalimu wa ushonaji. Nililelewa na fundi mmoja mkali kwenye chumba cha madirisha matatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata, kupiga pasi, na zaidi ya yote kupachika mkono wa koti usikunjamane, kazi ambayo mafundi tisa kati ya kumi hawaiwezi. Kwa sasa sijifunzi kitu. Nafundisha."

Wewe ndiye pekee uliyebaki wa nyumba ile. Ipitishie jicho, unisahihishe nilipokosea. Na niandikie kwa karatasi, tafadhali. Simu nitaishika kazini tu, kama koleo la choo.

Mdogo wako,
Bobini

19 Februari

Mdogo wangu Bobini,

Bahasha nimeipata kazini, mikono imelowa. Nikamwomba mwenzangu aifungue. Kweli nilidhani umekufa wewe. Nikashangaa maiti ina maneno mengi hivyo, nikajua ni mzima.

Pole kwa chumba. Najua meza ni nini kwa fundi. Mimi huku nina meza moja, nusu yangu na nusu ya ndoo za sabuni. Nakwambia kwa sababu hujawahi kuniuliza: kazi yangu ni chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma, karibu na tanuri la maji moto. Shuka zinazochanika zinakuja kwangu. Natia viraka, nazirudisha. Mgonjwa akilala juu ya kiraka changu hasikii mshono. Hiyo ndiyo sifa yangu, na hakuna anayenisifu kwa kitu ambacho hakusikia.

Sasa masahihisho.

Madirisha yalikuwa mawili. La tatu lilikuwa kioo cha kujipimia wateja, ulikuwa unajiangalia sana ndiyo maana umekihesabu kama dirisha.

Kopo la buluu ni wewe uliyekuwa ukiligusa. Baba alijua. Alinyamaza kwa sababu ulikuwa unamshonea mama yako kitambaa cha kichwa. Aliniambia mwenyewe.

Alikuwa mkali, ndiyo. Ila ungeongeza kwamba kila baada ya chakula cha mchana alilala. Kiti cha kamba, kofia juu ya uso, saa nzima, na kikohozi kimoja kikavu dakika tano kabla hajaamka. Hicho kikohozi kilikuwa saa yetu. Ukikisikia, kila mtu anarudi mahali pake.

Kuhusu mstari wa mkono wa koti, hapo sitii neno. Mimi sikukaa kwenye kiti chako. Wewe ndiye unayejua ulikuwa unamtazama nani.

Hapa mvua haijanyesha, shuka zinakauka haraka, nina kazi mpaka shingoni.

Dada yako,
Kushoto

3 Machi

Dada yangu,

Madirisha nimerekebisha, mawili. Kioo nimekiri. La kopo la buluu limenitoa machozi, mbele ya mkwe wangu, ambaye sasa ana habari mpya ya kuwapelekea ndugu zake.

Ila barua yako ina sindano nimeikalia, na sisi hatufichani. Unataka niseme nini? Ngoja tubishane kama zamani.

Mimi nasema hivi: nyumba ya fundi ni kitu kimoja. Mkasi ni wake, meza yake, mkaa wake, jina lililo juu ya mlango lake. Lililofundishwa ndani ya nyumba hiyo limefundishwa na mwenye nyumba. Mpishi akiungiwa mchuzi na msaidizi, mgeni humshukuru nani? Mwenye chungu. Mambo haya ya kila mkono kudai mshono wake ni maradhi ya zama hizi, watu hawawezi kuchemsha maji bila kuandika jina lao kwenye sufuria. Na tena fomu ina nafasi ya mistari sita. Sita! Nitawaeleza nini, kwamba ilikuwa saa ya mchana, na kofia, na kikohozi? Wataelewa nini watoto wanaosoma kwa vidole gumba?

Naona nimeandika ukurasa mzima kuhusu mstari ambao wewe ulisema hutii neno. Mke wangu alikuwa akisema Bobini akipiga kelele mtafute aliyekanyagwa mguu. Sijui.

Nikwambie habari nyingine. Somo la kwanza ni tarehe kumi. Wanafunzi ishirini na watatu, wote wa mwaka wa kwanza, walikuwa wamekata vifua vya makoti ya kiume kabla chumba hakijafungwa. Sasa watapachika mikono na kutoboa matundu ya vifungo wakiwa makwao, wakinitazama. Mkwe wangu ndiye atakayeshika simu. Anasema nisipige kelele, kipaza sauti kitapasuka. Nimeazima kiwiliwili cha mbao, nimekivisha koti langu zuri kuliko yote. Nyuma ya karatasi hii mkwe ameandika anwani ya kubonyeza, ukipenda kuona mzee mwenzako akiaibika.

Nakumbuka ulivyokuwa ukisema, mkono wa koti haupachikwi, unaning'inizwa kwanza. Uuache kwenye ngumi, utakuonyesha wenyewe unataka kuangalia wapi.

Wako,
Bobini

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimeiona.

Sikutaka kuiona, nikuambie ukweli. Baada ya barua yako ya mpishi na chungu nilisema liwalo na liwe, nikaitia kwenye droo na vifungo. Lakini Jumatano wakati wa kupumzika wenzangu walitaka kuona huyo mdogo wangu anayeandika kurasa nne. Tukakaa juu ya marobota ya shuka, watu watano, simu yangu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la wanga. Spika yake ilikufa ilipoangukia kwenye beseni, kwa hiyo hatukusikia neno. Tuliangalia tu midomo yako, ambayo haijabadilika.

Halafu ukachukua mkasi. Kwa mkono wa kushoto.

Bobini, nilisimama. Robota likaviringika, mwenzangu mmoja nusura aanguke. Ulishika mkasi kwa kushoto, ukachukua sindano kwa kushoto, ukauning'iniza mkono wa koti kwenye ngumi ya kulia kama nilivyokuwa nikiuning'iniza mimi. Na ukapiga bandi ukianzia begani kuelekea nyuma, nyuzi ndefu zile za kushikiza, kwa kasi ile ile. Nikatazama koti kwenye kiwiliwili. Linafungwa kike, matundu upande wa kulia. Nikasema moyoni, huyu anayejua kubisha na dunia nzima ameshindwa kunitaja kwa mdomo, basi ananitaja kwa mikono. Mkono wa kushoto na koti la kike. Nani mwingine huyo kama si mimi?

Wenzangu waliniuliza, "Mbona unalia, dada?" Nikasema wanga umeniingia.

Sasa nami nikupe kitu. Nilijua. Siku ile ya usaili wa kazi hii yako ya chuo, miaka ishirini na sita iliyopita, mimi niliingia asubuhi na koti langu, wewe ukaingia mchana na lako. Karani aliyekuwa akiandika majibu alikuwa mteja wa Baba. Alinieleza jioni ile ile ulichojibu walipokuuliza nani amemwiga mwenzake. Wiki iliyofuata nilifunga sanduku. Nyinyi wote mlidhani nimefuata mume. Mume nilimkuta huku huku, baadaye, na wala hakudumu.

Sikukuambia kwa sababu Baba alikuwa hai, nawe ulikuwa unamtibu kwa mshahara wa kazi hiyo. Ningesema nini? Mwanaye ni mimi, aliyemnunulia dawa ni wewe. Nililiacha.

Leo nimelitoa nikalianika, limekauka. Asante, mdogo wangu. Umenirudisha kwenye ile meza.

Dada yako,
Kushoto

24 Machi

Dada,

Barua hii nimeianza mara saba. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ilisema, "Karibu, Dada, ulistahili." Ningeituma, mambo yangeisha, ungekufa umefurahi nami ningekufa nimeheshimiwa. Niliibandika hata stempu. Nimeichana.

Mimi sikushika mkasi kwa kushoto.

Ni simu. Mkwe wangu alipoigeuza ili nami nijione, ile simu ikageuza kila kitu, kama kioo. Kulia kukawa kushoto. Koti lile ni la kiume. Sikujua mpaka wanafunzi walipoanza kuleta picha. Ishirini na watatu, wote, wametoboa matundu ya vifungo upande wa kike! Makoti ya baba zao na kaka zao, yanafungwa kama ya shangazi! Nikawatukana. Nikawaandikia ukurasa mzima: vichwa maji, mna macho ya nini, zama zangu fundi angewachapa kwa futi. Mkwe akasoma, akaniwekea simu mbele, akasema, "Baba, jitazame." Nikajitazama. Nikaona mtu wa mkono wa kushoto. Nikakuona wewe.

Na kama spika yako ingekuwa nzima, ungenisikia. Wakati mikono ile inakufanya ulie, mdomo ulikuwa unasema, "Mkono wa koti nilifundishwa na Mzee." Nilisema hivyo. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkwe alisahau kubonyeza.

Tundu la kifungo likishakatwa halishonwi likapona. Unaweza kulifunika, lakini kidole kitalijua. Kwa hiyo ngoja nikate mpaka mwisho.

Karani alikueleza nilichojibu. Sidhani alikueleza nilichokiona. Asubuhi ile nilifika mapema, nilikuwa nimekaa kwenye benchi mwisho wa korido. Nilikuona ukitoka. Koti umelifunga kwenye gazeti, umelishika kifuani kama mtoto mchanga, unatabasamu peke yako. Nilijificha nyuma ya nguzo. Waliponiita mchana wakasema, "Binti wa fundi wako ameleta mkono kama huu huu. Nani amemwiga nani?" Nikajibu, "Mimi nimefundishwa na Mzee mwenyewe. Yeye alikuwa akichungulia." Maneno hayo. Hawakunikaba, hawakunitishia. Walikuwa watu watatu wenye usingizi, na mmoja alikuwa anakula karanga.

Na wakati huo mwili wangu mzima ulikuwa unajua: Mzee amelala, kofia usoni, wewe upande ule wa meza, mimi upande huu. Mzee alikukataza mkasi kwa sababu alisema mkasi hauna kushoto, nawe ukamwendea mhunzi akakugeuzia wako. Ulikuwa ukinifundisha, uso kwa uso. Ulichofanya kwa kushoto mimi nilikifanya kwa kulia, kama mtu na kioo chake. Ndiyo maana simu iliponigeuza nikatoka wewe. Simu ile ninayoitukana ndiyo iliyosema ukweli katika chumba kile, mimi mwenye mdomo nikadanganya.

Shukrani zako nakurudishia. Si zangu. Nimekwisha kuchukua kimoja chako, sitachukua cha pili.

Bobini

2 Mei

Dada,

Wiki tano na siku nne. Sikudai jibu. Hata ningekuwa wewe ningeitia droo hiyo na vifungo, na droo ningeitupa mtoni.

Naandika kukupa habari, maana zinakuhusu na si haki uzisikie kwa karani mwingine.

Nimejitambulisha upya. Tarehe kumi na saba Aprili, mbele ya wanafunzi wote ishirini na watatu. Mkwe alitaka kupunguza maneno, nikamkatalia. Nakala nakuletea:

"Nilijitambulisha kwenu kwa uongo, kwa hiyo naanza tena. Kukata na kupiga pasi nilifundishwa na fundi mkali katika chumba cha madirisha mawili. Kupachika mkono wa koti nilifundishwa na binti yake, aliyekuwa amekatazwa kushika mkasi kwa sababu anatumia kushoto. Alinifundisha baba yake akiwa amelala. Tulipogombea kazi hii niliyo nayo, niliulizwa ni nani aliyemwiga mwenzake, nikajibu kwa namna iliyonipa kazi na kumnyima yeye. Swali la tatu la fomu linauliza najifunza nini sasa. Mwezi Februari nilijibu kwamba sijifunzi kitu. Sasa najifunza kusema hayo bila kupiga kelele."

Mmoja akaandika, "Mwalimu, yule dada yuko wapi?"

Huyo aliyeandika nikueleze. Ni binti wa miaka kumi na tisa, tangu aanze chuo nilikuwa namwita Mguu wa Kuku kwa jinsi alivyokata. Baada ya kosa la simu nilirekodi somo upya, upande ulio sahihi, nikaagiza lile la kwanza lifutwe. Akaniandikia, "Naomba usilifute. Ni mara ya kwanza naona fundi anashika mkasi kama mimi." Nikarudi kutazama picha zote. Matundu yake yapo upande wa kike kama ya wenzake. Lakini mikono, Dada! Ishirini na wawili wameleta mikono iliyokunjamana kama uso wa anayelamba ndimu. Ya huyu imeanguka wima. Miezi sita nimekuwa nikimhamishia mkasi kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi. Niliyejua. Nikawa Mzee wa pili, bila hata kulala usingizi.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Nikamwambia nafasi hii nilipewa kwa uongo, fanya utakavyo. Nilitarajia anifukuze, nilishavaa koti la kufukuzwa. Akaniambia mambo ya miaka ishirini na sita hayana faili. Nikamwambia basi muajiri huyo dada, nina mwanafunzi anayemhitaji. Unajua aliniuliza nini? "Ana cheti?" Nikamwambia cheti chake ni mimi, na chuo hiki kimenitundika ukutani miaka yote hii. Hakuelewa. Watu wa muhuri hawaelewi mpaka upige muhuri.

Baada ya siku tatu za kubishana tumefika hapa, na naona aibu kukuandikia. Asiye na cheti anaweza kupewa darasa, iwapo kwanza amejisajili kama mwanafunzi wa chuo kwa muhula mmoja. Somo la ushonaji lina mwalimu mmoja tu. Maana yake ujisajili chini yangu. Wewe, mwanafunzi wangu. Nilimwambia hilo ni tusi. Akasema ni utaratibu. Nikamwambia huku kwetu tusi na utaratibu ni ndugu wawili.

Sikuombi ukubali. Ningekuwa na haki ya kuomba kitu ningeomba uandike neno moja hata la kunitukana. Fomu nimeiweka ndani kwa sababu ni yako kuichana, si yangu.

Bobini

20 Mei

Mdogo wangu Bobini,

Neno la kukutukana uliloliomba: mwoga. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Wiki tano zile sikuwa nimenyamaza kwa hasira tu. Wiki ya kwanza hasira. Ya pili aibu, kwamba nililia mbele ya wenzangu kwa ajili ya simu. Ya tatu nikaanza kukumbuka vitu, ndipo nikashindwa kabisa kukuandikia. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitoa ulimi nje ukitunga uzi. Nilikumbuka siku ulipopata mkono wa kwanza usiokunjamana, tukasahau, tukacheka kwa sauti, na kofia ikasogea. Baba hakuamka. Nimeliwaza sana hilo, kucheka kule kungemwamsha mfu. Na kile kikohozi, Bobini, dakika tano kabla, kila siku, hakikukosea hata mara moja. Mtu aliyelala anakohoa kwa saa? Nadhani alikuwa macho. Nadhani alikuwa akituonya kwamba anaamka, ili asitukute. Angeweza kuondoa tu ile kofia aseme, "Endelea, mwanangu." Hakuweza. Aliniruhusu kwa kujifanya hayupo, na mimi nikaipokea hiyo kama zawadi, kwa kuwa sikuwahi kuona nyingine.

Wewe umesema macho wazi, mbele ya watu ishirini na watatu. Umechelewa miaka ishirini na sita, lakini umesema.

Fomu nimeijaza. Usinibebe darasani. Nikikosea nisahihishe, nami nitakusahihisha palepale, wanafunzi wakisikia. Mwambie huyo binti aache kuitikia Mguu wa Kuku, na aniletee picha ya mkasi wake. Kama ni wa kulia, mwambie asinunue mwingine. Wangu wa mhunzi bado unakata, nitaufunga kwenye gazeti nimpelekee.

Ile video ya kwanza iacheni.

Spika nimetengeneza. Chini hapa ndiyo nitakayoisoma Jumatatu. Nimekaa ndani ya mistari yao sita, maana mimi si wewe.

"Naitwa Kushoto. Hapa mimi ni mwanafunzi, nambari ishirini na nne. Natia viraka shuka za wagonjwa. Mkono wa koti nilijifundisha mwenyewe, kisha nikamfundisha mwalimu wenu, meza moja ikiwa katikati yetu. Mnaniuliza najifunza nini sasa. Najifunza kufundisha bila kungoja mtu alale."

Dada yako,
Kushoto